Maharage Mawili Meupe

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika neno moja ubaoni na chaki ikakatika. Ilikuwa Uvira, katika shule ya sekondari iliyotazama ziwa, nami ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya ualimu, nimevaa viatu vya kuazima vinavyonibana. Préfet, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule ya sekondari kwetu Kongo, alikuwa ameketi nyuma ya darasa na kofia yake juu ya goti. Kipindi kilipokwisha akaniita ofisini. Nilidhani nafukuzwa.

"Madame," akasema, ingawa sikuwa nimeolewa bado, "somo unalijua. Lakini unafundisha batoto sawa mutu mwenye kusoma barua ya mwingine. Biologie iko mambo ya mwili yabo. Ubapatie kitu ya kushika mu mukono."

Ninyi walimu vijana mnaofundisha kwa picha za kwenye simu mnaweza kucheka, lakini maneno hayo niliyafanyia kazi mpaka nilipostaafu. Pale Uvira vitu vya kushika havikuwa shida. Tulipasua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, tukahesabu mapezi yao. Tulileta vyura kutoka kwenye vinamasi vya mto Ruzizi. Darasa langu lilinuka samaki, na mwalimu wa Kifaransa wa chumba cha pili alikuwa akifunga madirisha kwa hasira. Hata leo nikisikia harufu ya ndagala wabichi nageuka kutafuta wanafunzi wangu.

Niliolewa na mwalimu wa hesabu. Tukapata binti mmoja, Riziki, na tangu hapo jina langu likapotea, maana kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa mtoto wake. Nikawa Mama Riziki sokoni, kanisani, hata kwa Préfet. Mume wangu aliugua akafariki mtoto akiwa bado anatambaa. Tulibaki wawili, na wifi yangu, dada wa marehemu, akaja kukaa nasi.

Kisha vita vikaja. Tulikimbia kwa miguu kufuata njia ya kusini, ya Baraka. Mimi nilikuwa nimemshika mkono mama mkwe, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba, na Riziki alikuwa mgongoni kwa wifi. Risasi zilipoanza kulia watu walitawanyika porini kila mmoja upande wake. Tulipokusanyika tena, mimi na mama mkwe tulikuwepo. Wifi na mtoto hawakuwepo. Niliwatafuta Baraka nzima, nikawatafuta ng'ambo ya ziwa katika kambi za Tanzania, na huko mama mkwe akafariki. Mtu mmoja akaniambia kwamba wifi yangu ameonekana na watu wanaokwenda Malawi. Hivyo ndivyo nilivyofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi. Huyo aliyeonekana alikuwa mwanamke mwingine kabisa, mwenye watoto wake wanne.

Nikabaki. Kambini waliendelea kuniita Mama Riziki, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Riziki. Nilikuwa nageuka kila mara, na kila mara iliniuma, lakini kama wangeacha ingeniuma zaidi.

Mkuu wa shule ya sekondari pale kambini alikuwa Mmalawi, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa amefundisha katika mji wa Madisi kabla ya kuletwa kwetu. Tulimwita Mwalimu Mkuu. Alizungumza nami Kiingereza cha polepole, kama anayemshika mtu mkono kwenye mteremko, kwa sababu Kiingereza changu wakati huo kilikuwa Kifaransa kilichovaa koti.

"Madam," aliniuliza, "maabara hatuna. Darubini tulikuwa nayo moja, imekufa. Wewe una nini?"

Nikamwambia nina maharage.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Zikomo, asante, Madam. Basi anza na maharage."

Sasa nieleze, maana wengi wenu mnalikimbia somo hili mtihani ukikaribia. Jeni ni agizo linalokaa ndani ya seli zetu, tunalolirithi kwa wazazi. Agizo hilo laweza kuwa na sura zaidi ya moja, na kila sura huitwa aleli. Kwanza wanafunzi hufundishwa njegere, ambazo zina sura mbili tu za urefu, ndefu na fupi, na wote hufurahi. Baadaye linakuja somo la aleli nyingi, yaani jeni moja yenye sura tatu au zaidi, na mfano wake ni makundi ya damu. Hapo ndipo darasa hupotea. Mwanafunzi akisikia tatu hudhani kila mtu anazo tatu. Hapana. Tatu ni za kijiji kizima. Mtu mmoja hubeba mbili tu, moja ya mama na moja ya baba.

Nilikuwa naweka beseni mezani na maharage ya rangi tatu. Jekundu ni A, la njano ni B, jeupe ni O. Mwanafunzi mmoja anakuwa mama, anachukua mawili. Mwingine anakuwa baba, naye anachukua mawili. Wa tatu, mtoto, anafumba macho na kuchukua moja kwa mama na moja kwa baba. Jekundu likikaa na jeupe, jeupe hunyamaza, na mtu huyo ni wa kundi A. La njano nalo hulinyamazisha jeupe, akawa B. Lakini jekundu na la njano yakikutana hakuna linalomshinda mwenzake, yote mawili husikika, na huyo ni AB. Jeupe husikika likiwa na jeupe mwenzake tu, na huyo ni O. Baada ya kipindi nilirudi na maharage nyumbani nikayapika, kwa sababu ndiyo yalikuwa posho yangu. Somo hili nimelila kweli.

Katika mtihani wangu wa kwanza pale Dzaleka niliuliza mtoto hupokea maharage mangapi. Nusu ya darasa waliandika matatu. Nilikasirika, nikarudisha karatasi na kudai maelezo. Akasimama Nestor, kijana Mrundi wa mstari wa mbele, aliyependa kubishana kuliko kula.

"Mwalimu, mi nilizalwa na mama moja. Ule akakufa, mwingine akaninyonyesha mu njia. Na baba iko. Hao batatu. Ule wa pili, harage yake inaenda wapi?"

Darasa zima likasema ndiyo, njo vile. Wengi wao walikuwa wamepita mikononi mwa watu namna hiyo. Mwalimu Mkuu nilipomsimulia alisema kwamba Madisi kote alikofundisha hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kukosea hivyo. Mimi niliwaandikia sifuri. Damu haijui nani alikubeba mgongoni.

Miaka ikapita, vita kule kwetu vikawa vinakwisha na kuanza tena kwa majina mengine, na siku moja akaingia darasani kwangu msichana aitwaye Faida. Mama yake, Mama Faida, alikuwa mshonaji kutoka Fizi, na cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza karibu na shule. Kila mtu kambini alijua kwamba Mama Faida hakumzaa Faida. Alimwokota akiwa mtoto mdogo kwenye njia ya Baraka, katika kukimbia kulekule, pembeni ya mwanamke aliyekwisha kufa. Alikuwa mdogo mno. Aliitikia jina lolote aliloitwa.

Umri ulikuwa uleule. Njia ilikuwa ileile.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Mimi mtu wa biolojia nilianza kumsoma yule mtoto. Ndewe za masikio yake zilishikana na shavu, kama zangu. Nywele zake za mbele zilishuka kwa ncha katikati ya paji, kama za marehemu mume wangu. Nilijua vizuri kwamba nusu ya watu wa Kivu kwetu wana masikio ya namna hiyo, na nilikuwa nimewaambia wanafunzi wasiamini vitu kama hivyo. Lakini alipoinama kuandika nilikuwa natazama sikio badala ya kazi yake. Nilitaka awe wangu. Nilitaka mpaka nikaona haya.

Kambini hakuna macho yanayofichika. Siku moja Mama Faida aliniita kibarazani kwake, akanipa kigoda. Nilijitayarisha kutupiwa ile methali, kuzaa si kazi, kazi kulea, na angekuwa na haki. Hakuitupa.

"Mama Riziki," akasema, "unaangaliaka mutoto wangu sana."

"Namwangalia, ndiyo."

"Najua. Ule mama mwenye alikuwa amekufa pale, mi sikumujua. Kama alikuwa wifi yako, sema."

"Sijui, dada yangu. Sikumwona."

"Basi tungoje. Kama iko wako, hatutamukata katikati. Atakuwa na nyumba mbili. Lakini usimupeleke mbali na miye."

Alisema hayo macho yakiwa kwenye kitambaa, ila mguu wake ulikuwa umesimama juu ya pedali. Nilimwahidi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimemheshimu mwanamke yule kuliko mtu yeyote, na bado nikitaka mtoto wake awe wangu.

Muhula huo wauguzi walikuja kutoka Lilongwe na gari, kupima damu ya wanafunzi wakubwa waliotaka kuchangia damu. Nilishukuru, kwa kuwa nilikuwa nimefikia mada ya aleli nyingi. Asubuhi iliyofuata nilileta beseni langu na kuwauliza mmoja mmoja walichoambiwa. O walikuwa wengi. A wachache, B wachache.

"Faida?"

"Mwalimu, mi niko AB." Alikuwa anatabasamu, kwa sababu alikuwa peke yake darasani.

Nilielewa palepale. Nadhani hata kabla hajafunga mdomo. Damu yangu niliijua tangu masomo ya ualimu, ambako tulipimana wenyewe kwa wenyewe. Nilitaka kuendelea haraka kwa mwanafunzi anayefuata, lakini mdogo wake Nestor, mbishi kama kaka yake, alikuwa amekwisha kusimama.

"Mwalimu, na weye uko groupe gani?"

"O," nikasema.

"Basi mutoto wa Mwalimu anaweza kuwa AB?"

Darasa zima likanitazama. Hawakuwa na ubaya. Wote walikuwa wameona vile ninavyomtazama Faida, na kwa namna yao walikuwa wananiombea. Ningeweza kusema kwamba kengele imelia. Lakini swali lilikuwa la somo, tena swali zuri, na mwalimu aliyelikimbia swali zuri hana cha kufanya mbele ya ubao.

Nikachukua maharage mawili kutoka kwenye beseni, nikayaweka kiganjani. "Faida," nikasema, "njoo uwe mtoto."

Alikuja mbele. Alifumba macho kama ilivyo desturi, akachukua harage moja kiganjani mwangu, akafumbua. Lilikuwa jeupe.

"AB ana maharage gani?" nikamuuliza.

"Nyekundu na ya njano."

"Hilo ulilochukua litakaa wapi?"

Alitazama mkono wake. Kisha akalirudisha, akachukua lile la pili, kana kwamba lingekuwa na rangi nyingine. Lilikuwa jeupe vilevile, naye alijua, maana safari hii macho hakuyafumba. Akasimama pale amelishika.

"Haina fasi, Mwalimu," akasema.

"Haina," nikasema. "Mzazi wa O hana cha kumpa mtoto ila jeupe. Na kwa AB, jeupe halina nafasi. Andikeni."

Wakaandika. Yule mdogo wake Nestor aliandika akiwa ameinamisha kichwa, na hakubisha tena wiki nzima. Kengele ilipolia Faida alibaki. Alinisaidia kuyatenga maharage rangi kwa rangi, kazi ambayo haikuwa na lazima yoyote kwa kuwa yote yalikuwa yanakwenda chungu kimoja.

"Hakuna namna ingine, Mwalimu?"

"Hakuna."

"Nilitaka ikuwe," akasema.

Nilimwambia kwamba na mimi nilitaka. Jioni nilipita kibarazani kwa Mama Faida kumwambia, lakini Faida alikuwa ametangulia. Mama yule aliacha cherehani, akasimama, akanikumbatia, akalia kuliko mimi. Sikujua kama analia kwa furaha ya kubaki na mwanawe au kwa huruma kwangu, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua.

Baada ya mwaka ule niliomba kuondoka. Niliwaambia watu kwamba nataka kufundisha mahali penye maabara. Ukweli ni kwamba sikuweza kuendelea kuliona lile sikio kila asubuhi. Mwalimu Mkuu alinitafutia nafasi katika shule ya wasichana upande wa Likuni, Lilongwe, na siku ya kuniaga akanipa gunia dogo la maharage ya rangi tatu. Mkuu wa shule ile alikuwa Sista mmoja mzee, mkali wa usafi. Alikuwa na darubini zinazofanya kazi, na chupa za dawa ya kupimia damu.

"Hayo maharage ni ya nini, Madam?" aliniuliza siku ya kwanza. "Hapa tunakula nsima." Nsima ni ugali wao.

Alipoona kipindi changu alikaa mpaka mwisho, kisha akanunua beseni jipya kwa ajili ya darasa. Nilifanya kazi chini yake miaka mizuri. Wasichana wa pale, Wamalawi, waliandika maharage mawili tangu mtihani wa kwanza, wote, bila kukosea. Nikawakumbuka wale wangu wa Dzaleka na zile sifuri nilizowapa. Zilikuwa sifuri za haki, na ningewapa tena, lakini nilikaa na kalamu mkononi nikitamani mtu mmoja tu aandike tatu.

Nilipofikia umri wa kupumzika nilirudi Dzaleka. Jirani zangu ni wale wale waliobaki. Wengine wamepelekwa nchi za mbali zenye theluji, wengine wako makaburini. Mama Faida bado anashona, ingawa uzi anatungiwa na wajukuu. Faida alisomea kazi ya maabara, akapata kazi katika hospitali moja ya Lilongwe, akaolewa akahamia mtaa wa Area 18. Yeye ndiye huja kunitazama. Hunikagua kucha na macho kama ng'ombe wa mnada, kisha hunikaripia kwa kutokula mboga.

Mwaka jana nilihitaji kupasuliwa tumbo, akanipeleka hospitalini kwake. Kule kila mgonjwa lazima awe na gadiani, ndugu wa kumpikia, kumwogesha na kukaa naye. Faida alichukua likizo yake akawa gadiani wangu, akapika nsima uani na wanawake wengine. Kesho yake niliporudiwa na fahamu vizuri, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama," akasema, "damu yako mi njo nilipima, mbele ya operesheni."

"O," nikasema.

"Njo. Nikapima tena. Nikaomba mwenzangu naye apime." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nilisema labda kule kwenye mulisomaka balikosea."

"Hawakukosea, mwanangu."

"Hapana. Habakukosea."

"Na weye?"

"Mi nilijipima tangu mwaka wa kwanza ya masomo. Nilijipima mara mingi sana." Akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. "AB, Mama. Kila siku AB."

Nilimshika mkono. Tangu siku ile ya beseni nilidhani ni mimi tu niliyebaki na tamaa ile. Kumbe yeye alikuwa amekwenda mpaka maabara, miaka yote ile ya masomo, kuangalia kama harage lile la pili halijabadilika rangi. Alijifuta uso kwa pindo la kitenge, akanilisha nsima, tonge kwa tonge, akinihimiza nimalize.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Mimi niliyeifundisha maisha yangu yote nitawaambia inachojua. Damu inajua kusema hapana. Haijui kusema ndiyo. Ikikukatalia, imekukatalia, isipokukatalia, bado hujui kitu, unapaswa kumwangalia mtu usoni na kumuuliza. Ninyi mnaofundisha sasa, lisemeni hilo darasani kabla hamjafungua kitabu.

Na kwangu kuna jambo moja zaidi ambalo somo hili linanipa, na sijachoka kulifikiria asubuhi nikichambua maharage. Riziki, kama yuko hai, ana maharage mawili. Sijui moja ni la rangi gani, kwa maana la baba yake hatukuwahi kulipima. Lakini lingine nalijua. Ni jeupe. Huenda limenyamazishwa na jekundu, au na la njano, wala yeye hajui kwamba analo, lakini limo, na ni mimi niliyempa.

Basi kama unasoma haya nawe uliokotwa mdogo kwenye njia ya Baraka, na hujui ulikuwa mgongoni kwa nani, nenda ukapimwe. Ukiwa AB, Mungu akutunze popote ulipo, hatutatafutana. Ukiwa A, au B, au O, niko Dzaleka. Fika kwenye kibaraza cha mshonaji karibu na shule, uulize kwa Mama Riziki. Bado wananiita hivyo.